Sentimita za Maji Juu ya Kilima cha Bugando

Kwenda Bugando ni kupanda. Barabara inaacha kelele za mjini Mwanza, inapita kando ya majabali yaliyobeba nyumba za Igogo, kisha inajikunja kuelekea juu mpaka ghorofa za hospitali zinapojitokeza. Ukigeuka nyuma unaliona ziwa: bandari, meli za Bukoba na Ukerewe, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inayorejea baada ya usiku wa karabai. Alfajiri njia hii ina msafara wake. Akina mama wanapanda na mtoto mgongoni, beseni kichwani, chupa ya chai mkononi, na barua ya rufaa ndani ya bahasha ya kaki iliyokwisha kulegea kwa jasho la viganja.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971 na ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mtoto anayefika hapa kutoka Chato, Sengerema au Bunda mara nyingi ameshapita zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kila kituo kimekula siku zake. Wanaotoka upande wa Geita zamani walingoja kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 wanavuka kwa dakika chache juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, zege la kilomita 3 juu ya maji. Wa Ukerewe bado wanategemea meli na kivuko, na siku ziwa likichafuka, wanategemea dua.

Nilipanda kutazama kazi moja ya wauguzi ambayo haionekani kwa urahisi na haina picha za kupendeza: kumlinda mtoto ambaye ndani ya tumbo lake shinikizo limepanda mpaka linatishia kumuua. Watoto na mama zao nimewaacha bila majina, na sista wa zamu aliyenipokea naye aliomba aitwe sista tu.

Wodi ilikuwa imeamka kabla yangu. Harufu ya dawa ya kudekia, uji wa ulezi, nepi zinazoanikwa dirishani. Sista aliingia akisalimia Kisukuma, “Mwangaluka,” na kutoka kwenye mikeka na viti vya plastiki akajibiwa, “Mwangaluka mhola.” Hakwenda kwenye mashine. Alikwenda kwenye vitanda, na jambo la kwanza alilofanya katika kila kitanda lilikuwa kulegeza. Alilegeza kanga iliyofungwa kiunoni mwa mtoto kumpa joto. Alilegeza nepi iliyobanwa sana. Katika kitanda kimoja alikuta uzi mweusi kiunoni, wa kinga, umezama ndani ya ngozi kwa sababu tumbo lilikuwa limekua kuliko siku ulipofungwa. Hakuukata kwa ukali. Alipiga magoti akazungumza na bibi wa mtoto, “Mama, huu tutauhamishia mkononi, kinga itabaki ile ile,” na bibi mwenyewe akaufungua kwa meno.

Halafu alianza kutazama. Alisimama miguuni mwa kitanda, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa tumbo, akatazama ubavu wa kulia na wa kushoto. Tumbo linang’aa? Mishipa imetokeza? Kifua kinapanda au ni mabega tu yanayopanda? Vidole vya miguu vina rangi gani? Kisha akatoa futi ya fundi cherehani. Kila mtoto wa kufuatiliwa alikuwa na alama mbili za kalamu ubavuni, usawa wa kitovu, ili futi ipite palepale kila mara, apime yeye au apime wa zamu ya usiku.

“Lakini futi haiambii kila kitu,” aliniambia. “Tumbo likishafika mwisho wa kutanuka, futi inasimama. Ndani kunaendelea.”

Wakulima wa mikoa hii wanalijua gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka kushonewa kofia juu. Tumbo la mtoto halishonewi kofia. Ngozi na misuli vinatanuka kiasi, kisha vinakataa. Kinachozidi ndani baada ya hapo, kiwe usaha, gesi, maji, damu au uvimbe, kinatafuta pa kusukuma. Kikisukuma juu, kiwambo kinapanda na mapafu yanakosa nafasi; mtoto anapumua harakaharaka, juu juu. Kikisukuma nyuma, kinabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni, hivyo moyo unapiga mbio huku una kidogo cha kusukuma. Mishipa ya figo inabanwa na mkojo unapungua. Utumbo wenyewe unakosa damu, unavimba, na kuvimba huko kunaongeza shinikizo lililouvimbisha. Daktari akiona presha ya damu inashuka anaongeza dripu, na sehemu ya maji hayo inavujia kwenye utumbo uleule. Ugonjwa unaweza kula nguvu ya tiba yake.

Kwa hiyo inahitajika namba. Namba inapatikana kwenye kibofu cha mkojo, kwa sababu kibofu kikiwa na maji kidogo ukuta wake unalegea, na shinikizo la tumbo linapita ndani yake bila kubadilika sana. Njia hii ilipata nguvu mwaka 1984, Irving Kron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walipoonyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kumwongoza daktari wa upasuaji kuamua kulifungua tena tumbo. Wenye vyumba vya kisasa vya wagonjwa mahututi hupima kwa waya na skrini. Nilichokiona mimi kilikuwa mrija wa mkojo, mpira wa dripu, stendi, na rula ya shule iliyobandikwa kwenye stendi kwa plasta.

Mtoto alikuwa wa miaka 5, kilo 16, kutoka Sengerema. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo mdogo. Walimfanyia upasuaji, wakamwosha usaha, wakashona tundu, wakafunga. Sasa alikuwa amelala na mrija puani, mrija wa mkojo, na macho makubwa yasiyotaka kumwacha mama yake hata akiinama kuokota kijiko.

Sista alinawa, akavaa glavu safi. Akamlaza mtoto chali, kitanda kikiwa bapa. Akaibana njia ya mkojo kwenda kwenye mfuko, akaingiza kibofuni maji ya chumvi yaliyopashwa kufikia joto la mwili, mililita 16, moja kwa kila kilo. Kwa watoto kiasi hakipungui mililita 3 na hakizidi 25, maana kibofu kikijazwa sana kinajibana chenyewe na kutoa namba ya uongo. Sifuri ya rula aliiweka usawa wa mfupa wa nyonga, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa. Akaunyoosha mpira wima kando ya rula, akaachia. Maji yakashuka kwenye mpira, yakasimama, yakaanza kupanda na kushuka kidogo kufuata pumzi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu, kwa sababu mtoto alilia. Mtoto akilia misuli ya tumbo inakaza, maji yanaruka juu, na namba hiyo haina maana yoyote. Sista hakuandika kitu. Alibaki ameshika mpira, mkono juu. Mama akaanza kumsimulia mwanawe juu ya mbuzi wao wa nyumbani, yule mwenye pembe moja, jinsi alivyoingia jikoni akala majani ya chai. Ilichukua muda. Daktari mwanafunzi aliyekuwa karibu alitazama saa yake mara kadhaa. Sista hakutazama saa. Kilio kikageuka kwikwi, kwikwi ikawa pumzi, na mwisho wa pumzi moja iliyotoka polepole alisoma: sentimita 17.

Sentimita 1.36 za maji ni sawa na milimita 1 ya zebaki. Kwa hiyo 17 ni kama 12 na nusu. Alfajiri ilikuwa 12 za maji, yaani karibu 9. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 unasema mtoto aliye mgonjwa sana huwa kati ya 4 na 10 za zebaki. Ikizidi 10 na ikabaki hapo, shinikizo limepanda. Na kama pamoja na hilo kuna kiungo kinachoanza kushindwa kazi, figo, mapafu au moyo, basi tumeingia kwenye hatari yenyewe. Kwa mtu mzima hatari hiyo huanza kuhesabiwa kuanzia 20. Mtoto hana ukwasi huo. Presha yake ya damu ni ya chini, na inayobaki kwa ajili ya kulisha utumbo na figo ni ile ya mishipa ukiondoa ile ya tumbo. Presha ya wastani ikiwa 58 na tumbo likiwa 18, inabaki 40 tu.

Sista aliandika namba, akaandika na saa, akaandika mtoto alilala vipi. Kisha kitu kilichonifanya nimheshimu zaidi: alipofungua tena njia ya mkojo, aliondoa zile mililita 16 kwenye hesabu ya mkojo wa saa hiyo. Asingeziondoa, chati ingesema mtoto amekojoa vizuri, na figo zilizoanza kulemewa zingefichwa na maji aliyoyaweka muuguzi mwenyewe.

Mama wa Sengerema alimvuta sista pembeni kama anayesema jambo la aibu. “Sista, tangu jana jioni hajajamba.” Sista hakucheka. Alirudi kwenye chati akaliandika hilo pia, kwa maneno ya kitabibu, na saa yake. Baada ya upasuaji wa utumbo hiyo ni habari kubwa kuliko homa. Nimesoma taarifa nyingi za afya ambamo mama wa mtoto anatajwa kama mtu wa kuelimishwa tu. Katika wodi hii niliona ndiye anayejua kwanza, na kazi ya muuguzi ni kuhakikisha anachokijua kinafika kwenye karatasi.

Kitanda cha pili kilikuwa na kijana wa miaka 7 kutoka Ukerewe, na juu ya kichwa chake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIBONYEZE TUMBO. Uvimbe wa Burkitt ulikuwa umejaa tumboni tangu mbavu hadi nyonga. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuuhusu mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye taya zilizovimba kwa namna moja. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu la Ford maili zipatazo 10,000, hospitali hadi hospitali, kutoka Uganda kushuka kusini mwa Afrika, wakiuliza kila mahali kama uvimbe huu unaonekana. Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua, yaani nchi za malaria. Nchi za kandokando ya ziwa hili zimo ndani ya ramani hiyo, na mtoto wa Ukerewe ni mrithi wake.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Vilevile huyeyuka haraka ukipewa dawa, na hapo kuna mtego. Unapoyeyuka unamwaga takataka zake kwenye damu, na figo zinaweza kuziba. Dawa ya kuzuia hilo ni alopurinoli na maji mengi ya dripu ili mkojo uwe mwingi. Lakini mtoto huyu tayari tumbo lake lilikuwa limebana figo hizohizo. Maji yakiwa machache figo zinaziba. Yakiwa mengi yasiyotoka, yanabaki mwilini na tumbo linazidi kukaza. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na anayeipima kila saa ni mtu mwenye jagi la mkojo.

Wanafunzi wa udaktari walifika kwa kundi, wenye makoti meupe yaliyonyooka. Uvimbe kama huu ni somo, na mkono wa mwanafunzi unataka kujifunza. Sista alisimama kati yao na kitanda. “Madaktari, karibuni. Huyu mmoja tu atamgusa, mara moja, kwa upole, na wengine mtamsikiliza.” Tumbo lililokaza likibonyezwabonyezwa linaumiza, uvimbe unaweza kupasuka au kuvuja damu, na mtoto akikaza misuli kwa maumivu shinikizo linapanda tena. Daktari bingwa aliyewaongoza alitikisa kichwa kukubali. Nimekaa katika ofisi nyingi nchini ambamo mtu wa cheo kidogo hawezi kumwambia mwenye cheo kikubwa maneno hayo. Hapa yalisemwa na kazi ikaendelea.

Kuhusu kuketisha, nilijifunza kinyume cha nilivyodhani. Mtoto anayehema, mama humkusanyia kanga na mito nyuma ya mgongo akae. Kukaa kunamkunja nyonga, na nyonga ikikunjwa tumbo linabanwa zaidi. Sista aliondoa mito yote, akanyoosha miguu ya kijana, kisha akakiinua kitanda kizima upande wa kichwani ili mwili ubaki mnyoofu kama ubao ulioegemezwa. Mama wa Ukerewe alitazama kwa wasiwasi mpaka alipoona mabega ya mwanawe yanashuka.

Na maumivu. Baadhi ya watu bado wanaogopa kumpa mtoto mofini. Sista aliitoa kwa vipimo na kwa saa, akihesabu pumzi kabla na baada. Mtoto mwenye maumivu hukaza tumbo mchana kutwa. Kumtuliza ni huruma, na hapohapo ni kushusha namba kwenye rula.

Upande wa watoto wachanga nilipewa gauni na dakika chache. Ndani ya mashine ya joto alilala mtoto wa kike mwenye umri wa siku 3. Alizaliwa utumbo ukiwa nje, umetokea kwenye tundu dogo upande wa kulia wa kitovu, bila utando wa kuufunika. Zamani hamu ilikuwa kuurudisha wote siku ileile na kushona. Lakini tumbo hilo halijawahi kubeba utumbo huo, halina nafasi. Ukiusukuma kwa nguvu, miguu inageuka zambarau, mkojo unakatika, mtoto anashindwa kupumua. Ndipo ukawekwa ndani ya mfuko safi wa plastiki unaoonyesha ndani, ukasimamishwa wima kwa kamba juu ya mtoto, uzito wenyewe uushushe kidogo kidogo, na kila siku daktari anaufunga mfuko chini zaidi. Mfuko wa kiwandani ni ghali, kwa hiyo hospitali nyingi za Afrika zimebuni wao, kwa mfuko wa mkojo au hata kwa kondomu ya kike ambayo pete yake inakaa vizuri ndani ya tumbo.

Muuguzi wa pale alikuwa kijana, mwanamume, mikono mikubwa. Alitazama utumbo kupitia plastiki: uko waridi au umeanza kuwa mweusi? Mfuko umesimama wima au umeinama na kukunja mshipa? Mguu wa mtoto alikuwa ameuachia dirisha dogo kwenye blanketi, akaubonyeza kidole, akahesabu kimoyomoyo damu ikirudi. Kipimo cha oksijeni alikifunga mguuni, si mkononi, kwa sababu mguu ndio utakaolalamika kwanza tumbo likibana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet, kutoka hospitali 264 za nchi 74, ulikuta kwamba watoto wanaozaliwa na hali hii hufa 90 kati ya kila 100 katika nchi za kipato cha chini, 32 katika nchi za kipato cha kati, na chini ya 2 katika nchi tajiri. Nimezirudia namba hizi mara nyingi kwa sababu zinaniumiza. Upasuaji wenyewe si mkubwa. Kinachotenganisha 90 na 2 ni siku za baadaye: joto, usafi, lishe ya mishipani, na jicho la mtu lisilochoka juu ya mguu mmoja mdogo.

Usiku nilirudi wodini. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya chini ya kilima. Mtoto wa Sengerema alikuwa amebadilika. Pumzi 46 kwa dakika, mapigo 160, mkojo wa saa mbili mililita 9, wakati kwa kilo zake tungetarajia 32. Sista wa usiku alipima: sentimita 24. Akasubiri, akapima tena: 24. Hiyo ni karibu 18 za zebaki. Alipiga simu kwa daktari na hakusema “naona kama tumbo limejaa.” Alisoma mfululizo: saa kumi na mbili asubuhi 12, saa nne 17, saa nane mchana 18, saa moja usiku 20, sasa 24, mkojo umekatika, pumzi zimepanda. Daktari hakuuliza swali la pili. Alisema anakuja, na chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Kulifungua tena tumbo na kuliacha wazi ndiyo tiba ya mwisho, na inaokoa. Mwaka 1984 huko Bogotá, Kolombia, daktari Oswaldo Borráez alikosa njia ya kufunga tumbo lililovimba. Akachukua mfuko wa dripu, akaukata, akaushona juu ya utumbo kama kiraka, na mpaka leo mfuko huo unaitwa kwa jina la mji wake. Lakini kwa mtoto wa miaka 5 kidonda cha namna hiyo ni wiki nyingi, maambukizi, na protini inayovuja kila siku.

Wakati wanamngoja daktari, sista hakukaa. Alianzia juu. Mrija wa puani ulikuwa hauleti kitu tangu jioni, na chupa yake ilikuwa na kidogo. Alivuta kwa bomba la sindano, haukuvuta. Aliingiza maji kidogo polepole, akauzungusha, akausogeza kwa upana wa kidole. Ute mzito ukatoka, na nyuma yake nyongo ya kijani ikaanza kushuka, kwanza matone, kisha kwa mkondo. Mililita 100. 180. Zaidi ya 250. Akaweka mrija laini wa kutoa hewa njia ya haja kubwa, kama alivyoelekezwa kwa simu. Akatoa dozi ya mofini iliyokuwa imefikia saa yake. Akanyoosha miguu. Mama alikuwa amekaa chini, kichwa kwenye ukingo wa godoro, anasali kwa sauti isiyo na maneno.

Daktari alipoingia, mtoto alikuwa amenyamaza na maji kwenye mpira yalisimama kwenye 18. Alitazama chupa iliyojaa nyongo, akatazama chati, akamgusa mtoto tumboni kwa viganja bapa. Akapunguza dripu. “Tutangoja saa moja. Ikipanda, tunaingia.” Haikupanda. Alfajiri ilikuwa 15, na kwenye mfuko kulikuwa na mkojo wa rangi ya chai hafifu, mililita 14 katika saa moja.

Nimekuwa nikifikiri juu ya usiku ule. Kama sista angepima mara moja tu, 24 ingekuwa namba ya kutisha isiyo na historia. Kama angepima na kutoandika, daktari angefika na kuanza upya. Kama watoto wangekuwa wengi zaidi chini ya mikono yake, asingekuwa na zile dakika za kuuhangaikia mrija. Tunajenga majengo na kununua mashine, na ninafurahi kila zinapofika. Lakini mashine hii ya rula na maji inaendeshwa na muda wa muuguzi, na muda huo ndio tunaoupunguza kwanza kila tunapopanga ikama. Wahasibu wa afya wajue kwamba saa ya muuguzi kando ya kitanda kimoja ni dawa, na ihesabiwe pamoja na dawa.

Nilikwenda Geita kwa shughuli nyingine, na niliporudi nilimkuta kijana wa Ukerewe amevaa shati la shule. Alikuwa amemaliza dozi ya pili. Tumbo lililokuwa sentimita 71 lilikuwa limeshuka hadi 56, na karatasi ya juu ya kichwa chake ilikuwa bado ipo, kwani sista hakuruhusu iondolewe mpaka mwenye kitanda aondoke. Mtoto wa Sengerema alikuwa anakunywa uji kwa kijiko. Mama yake aliniambia kwa fahari isiyofichwa kwamba amepata choo mara mbili.

Sista alimkalisha mama wa Ukerewe kwenye kiti akampa maagizo ya njiani. Asimfunge mgongoni kwa kanga. Ampakate au atembee. Asimfunge mkanda. Homa ikipanda, akitapika, asipokojoa tangu asubuhi hadi mchana, au tumbo likianza kung’aa, asingoje tarehe ya kliniki. Mama alirudia kila agizo kwa sauti, na kwenye la kukojoa akauliza, “Mchana saa ngapi?” Sista akamwambia saa sita. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia nesi wa hospitali ya wilaya kule Nansio, akamsomea uzito, dozi, tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, na vipimo. “Kiuno 56. Alama nimeziacha ubavuni usawa wa kitovu, lakini akioga zitafutika, kwa hiyo ukimwona kesho zipitishie kalamu upya.”